Nililia ku Kilio Isiyo Yangu

Maman prezida, aksanti. Na wewe katekista aksanti, hata kama umenisukuma mupaka hapa mbele kama mbuzi ya soko. Nimesimama. Wale wa nyuma musogee, juu sauti yangu si ya kwaya. Na wenye mutoto mikononi, mutoto akilia mumuache alie, musitoke naye nje. Mimi mutoto mwenye kulia hanisumbuake.

Kila mwezi mu kikundi yetu hii ya wajane mutu mumoja anasimama, anaeleza vile alianguka na vile aliinuka. Miaka yote nimesikia zenu. Zamu yangu ikifika, nilikuwa nasema kichwa inaniuma. Kichwa haikukuwa inauma. Nilikuwa naona haya. Leo nitasema, lakini jina ya mutu sitataja, juu wengine wako hai na wengine ni jirani zenu.

Ndugu zangu, mimi nililala Depo.

Eeh, naona munaangaliana! Wakubwa wanaijua. Kwa vijana nitaeleza. Kule chini, njia ya kushuka ku ziwa, kulikuwa depo ya kahawa ya muzungu mumoja. Wakati serikali ilichukua maduka ya wageni na kugawia wananchi, depo ile akapewa sitwayeni mumoja, mwananchi kama sisi. Akauza kahawa, akauza magunia, akauza hata mizani, akaenda zake. Ikabaki ukuta na paa. Parokia ikaiomba, watawa wakatia mulango mupya, na watu wenye hawana pa kulala wakaanza kuingia. Basi mu mutaa, mutu akitaka kukutukana kabisa, alikuwa anasema: "Wewe utaishia Depo." Na mimi nilisha kumwambia mutu neno hiyo, wakati nilikuwa na nyumba.

Maana nyumba nilikuwa nayo. Kadutu, kwa mulima, ya miti na udongo, mabati juu. Bwana yangu alikuwa shofere wa kamio, alikuwa anabeba simenti na unga kati ya hapa na Uvira. Mwanaume mwenye kelele, mwenye kupenda radio. Akirudi, alikuwa anapiga honi tangu chini ya barabara ili niweke maji ku moto. Jirani walikuwa wanachoka na honi ile. Siku moja kamio ikakosa breki mu zile kona za kushuka Kamanyola. Wakamuleta amefungwa mu turubai.

Kilio ikakaa ku parsele yetu, mu kiwanja ya nyumba. Lakini sikuachwa nilie. Wajane wenzangu, munajua. Nikianza tu kulia, shemeji mumoja ananiita: "Maman, radio ya marehemu iko wapi?" Nikirudi kukaa, mwingine: "Na saa yake? Na viatu vyake vya misa?" Machozi ikanikauka nikiwa nafungua masanduku. Bwana yangu akaingia mu udongo na mimi sijamulilia hata kidogo. Jambo hiyo muiweke mu kichwa, juu njo ilinifikisha pabaya kisha.

Matanga ilipoisha, wazee wa ukoo wakakaa. Wakasema shemeji yangu mudogo atanichukua, njo desturi. Shemeji yule alikuwa na mabibi wawili tayari, na pombe ya kasiksi alikuwa anaianza asubuhi mbele ya jua kutoka. Nikakataa. Na nikakataa vibaya, juu ulimi yangu munaijua. Nikamwambia mbele ya wote: "Afazali nilale njiani." Baba mukubwa akaniangalia, akasema: "Basi lala."

Wakaleta ngazi, ndugu zangu. Nilikuwa ndani, napika maharagwe. Wakatoa mabati moja kwa moja, pole pole, bila hata hasira, mupaka jua ikaingia mu sufuria yangu. Kijana wangu mukubwa na dada yake wakashikwa mukono: "Hawa ni wa ukoo, ng'ombe tulilipa." Riziki alikuwa mu mugongo yangu, bado ananyonya. Shemeji akamugusa mashavu: "Huyu abaki kwanza. Siku ataacha ziwa, nitakuja kumuchukua."

Hapo njo mateso yangu ilianza kabisa. Mama gani hafurahi kuona mutoto yake anakula? Mimi. Kila mara Riziki aliposhika tonge ya bugali akaimeza vizuri, nilikuwa naogopa. Akatembea, akaanza kuongea, meno yote mu kinywa, na mimi namutolea ziwa mbele ya watu. Maziwa ilikuwa imekwisha zamani. Watu walikuwa wananicheka: "Maman, huyu si atapanda ku altari akinyonya?" Acha wacheke. Nilikuwa nimebakiwa na mutoto mumoja, na ziwa kavu ile njo ilikuwa inanimulinda.

Nilienda kwanza kwetu, Nyantende. Baba alisha kufa, kaka yangu njo alikuwa mwenye nyumba. Alinipokea vizuri, akanipa viazi, akabeba Riziki. Kisha akasema, macho chini: "Dada, ukilala hapa hata juma moja, watasema umerudi kwetu, wataomba ng'ombe yao. Na ng'ombe ile njo nilioa nayo." Bibi yake alikuwa amesimama na mimba, ananiangalia. Ningemwambia nini? Kaka akanisindikiza mupaka barabarani, akageuka haraka nisione uso yake. Simulaumu. Lakini tangu siku hiyo neno "kwetu" sikuwa na pa kuipeleka.

Njo vile nikafika Depo. Ku mulango alikuwa Masere, mutawa wa huku kwetu, mufupi, mukali kama mwalimu wa mwaka wa kwanza.

"Bwana iko wapi?"

"Amekufa."

"Na familia?"

Nikamupandisha Riziki mu mugongo. Akafungua mulango.

"Ingia. Hapa hapana kupigana, hapana pombe. Asubuhi kengele ikilia kila mutu anatoka, mupaka jioni. Mvua, jua, unatoka. Watu wako wengi na mimi niko peke yangu."

Ndani ilikuwa simenti tupu, na harufu ya kahawa yenye ilikuwa imeingia mu ukuta mupaka haitoki. Chini kulikuwa mistari ya rangi, vibanja vya kupangia magunia. Sasa kila kibanja ilikuwa ya mutu. Wanaume kule, nyuma ya mbao, wanawake na watoto huku. Nilipewa kibanja karibu na koko mumoja, mama muzee aliyetoka ku milima ya Kabare. Mabibi ya watoto wake walimusingizia uchawi, juu kuku zilikufa. Kuku, Mungu wangu! Alikuwa anaichekea mwenyewe: "Mimi kama ningekuwa na uchawi, ningeanza na kuku?"

Mutu mwenye hajalala pahali kama pale anafikiri njaa njo inaua. Hapana. Njaa unaizoea. Kile kinakuua ni kutembea bila kuenda. Asubuhi kengele inalia, unapata kikombe ya uji, mulango inafungwa nyuma yako, na siku yote iko mbele yako na hauna pa kuipeleka. Majuma ya kwanza nilikuwa natembea haraka, ili watu wafikiri iko mahali wananingojea. Kulikuwa papa mumoja mu Depo, karani wa zamani, alikuwa anavaa suti yake ya abakosi kila asubuhi, anaenda kusimama mbele ya biro yenye ilifungwa, jioni anarudi anasema kazi ilikuwa mingi. Tulikuwa tunamwitikia, "Pole na kazi, papa." Kisha hata mimi nikaanza kutembea pole pole. Ukimuona mutu anatembea pole pole asubuhi, na hana mugonjwa, na si muzee, umuhurumie, juu huyo amekwisha kukubali.

Nilikuwa naomba kazi ya kufua, lakini wenye nyumba walikuwa wananiuliza: "Unatoka wapi?" Nikisema Depo, wanasema bibi ya nyumba hayuko. Na bibi ya nyumba njo huyo anaongea!

Koko njo alinifundisha kuishi. Mu muji hii, akaniambia, kila siku iko mutu amekufa, na ku kilio hawamufukuze mutu. Unatafuta matawi imesimikwa kando ya barabara, unafuata. Kuna moto, kuna chai, kuna maharagwe, na pengine nyama. Watu wengi wa Depo walikuwa wanaishi vile mchana, musishangae, hata ku vilio vyenu walikuja. Lakini koko alikuwa na sheria zake. "Salimia wazee. Kaa katikati, si mbele, si nyuma. Lia kidogo, ya adabu. Wakikuuliza uko wa upande gani, sema upande wa mama wa marehemu, juu hao hakuna mwenye anawahesabu. Na ukiona familia inaanza kuitana pembeni, beba mutoto yako, toka."

Tukaenda hivyo muda mrefu. Ilikuwa haya? Ilikuwa haya, maman, usinitolee macho. Lakini mutoto alikuwa anakula.

Siku moja koko akaniambia: "Leo iko kilio kubwa Bagira. Mutu wa biro. Watapika muchele." Tukapanda kwa miguu, yeye na fimbo yake, mimi na Riziki mugongoni. Parsele ya simenti, watu kama siku ya Pasaka. Tukasalimia, tukakaa katikati. Riziki akaanza kusumbua, nikamupa ziwa anyamaze. Sanduku ilikuwa mu sebule, na mujane amekaa chini ku mukeka, uso umekauka kama wangu siku ile.

Basi chini ya barabara ikafika kamio yenye ilileta watu wa kulia. Shofere akapiga honi.

Ndugu zangu, nawaambia, sikuamua kulia. Sauti ilitoka yenyewe, na haikukuwa ya adabu. "Bwana yangu weee! Umeniachia nani! Bwana yangu, mutoto yako huyu nimupeleke wapi!" Nikaanguka ku mikeka, na mutoto ku ziwa. Yote yenye haikutoka Kadutu ikatoka siku ile Bagira, ku sanduku ya mutu sijapata kumuona. Koko alikuwa ananivuta kikwembe: "Nyamaza, utatuua!" Sikusikia hata.

Mukasikia yenye nilisema? Bwana yangu. Mutoto yako. Mbele ya familia ya marehemu, mbele ya bibi yake.

Nilipoinua uso, wanawake wote walikuwa wamenigeukia. Nikasikia mumoja anasema: "Ee maman, kumbe alikuwa na dezyem biro, bibi wa kando! Na mutoto juu!" Nyinyi munacheka. Chekeni, na mimi ningecheka kama ingekuwa ya mwingine. Wakanisimamisha, wakaniingiza mu chumba ya nyuma. Kulikuwa wazee, na katikati baba mudogo wa marehemu, abakosi safi, miwani. Aliongea pole, kama padri ku kitubio.

"Maman, usiogope. Sisi si wanyama. Marehemu alikuwa mwanaume, mambo haya tunaijua. Mutoto jina yake nani?"

"Riziki."

"Riziki ni damu yetu. Atabaki hapa. Atasoma, atalala ku kitanda. Na wewe tutakuona na kitu kidogo, uende salama."

Dada ya marehemu akashika mutoto ku kidevu, akaanza kulia. "Muangalie paji! Ni kaka yangu kabisa!" Na wengine wote wakaiona, ile paji. Mutoto wa shofere wangu wa Kadutu! Wakamupa sahani, muchele na nyama ya ng'ombe. Riziki akashuka ku mapaja yangu, akala na mikono miwili. Hakuniangalia tena.

Niwaambie, niliwaza kunyamaza. Kusema uongo, hapana. Kunyamaza tu. Shemeji angekuja siku moja kumuchukua, kumupeleka mu nyumba ya kasiksi na mabibi wawili. Hapa kulikuwa kitanda na masomo, na watu wenye walikuwa wanamulilia kwa mapendo. Nani angejua? Nilikuwa nimefika pale mama anaanza kuhesabu mutoto yake kama muzigo wa kutua mahali pazuri. Nilikaa kimya, na kimya ile ilikuwa ndefu, na walianza kuichukua kama jibu.

Lakini bwana yangu alikufa kwa njia ya kutafutia mutoto huyu chakula. Radio yake walichukua, viatu vyake walichukua, watoto wawili walichukua. Na mimi nitoe hata kuzaa kwake nimupe mutu wa biro? Nikasema: "Papa, munisamehe. Mutoto si wa marehemu. Marehemu simujui. Jina yake nimeisikia hapa hapa leo."

Wee! Nyumba ikalipuka.

"Sasa ulikuja kufanya nini?"

"Kula, papa."

"Na kulia ile yote?"

Dada ya marehemu akanipiga kofi. Mwingine akanyang'anya Riziki sahani, mutoto akabaki na vidole mu hewa. Hapo mujane akatokea ku mulango. Wote wakamugeukia, juu desturi mujane hafai kusimama mbele ya maziko.

"Mumuache," akasema. Kisha akaniuliza mimi: "Kama haumujui, ulikuwa unalilia nani?"

"Wangu. Alikufa, sikuachwa nimulilie."

Akaniangalia. Akarudi ku mukeka yake.

Tukafukuzwa. Watoto wa mutaa walitukimbiza: "Mwizi wa kilio! Mwizi wa kilio!" Ku mulango ya parsele wakamusukuma koko, akaanguka mu mufereji, maji mupaka kifuani. Nilimukokota mupaka Depo, anatetemeka njia yote, na Riziki analilia muchele wake.

Kesho yake wazee wale wakaenda kumuona padri. Masere akatukusanya: mutu wa Depo akionekana tena ku kilio ya watu, hatalala hapa. Basi wote wakalala njaa kwa njia yangu. Hakuna aliyenipiga. Walinigeuzia tu mugongo. Mumoja alimwaga maji mu kibanja yangu, nikamukuta Riziki amelala mu maji. Na yule papa karani, nilipomwambia pole na kazi, hakunijibu.

Mvua ilianza. Koko alikohoa. Masere akamuruhusu kubaki ndani mchana. Jioni moja nilimupangusa uso, akafungua jicho moja: "Nilikuambia kidogo, ya adabu." Akacheka, kikohozi ikamukamata. Hiyo njo neno ya mwisho aliniambia. Siku ingine niliporudi jioni, kibanja yake ilikuwa imeoshwa, maji haijakauka. Walimuzika mchana, Masere na wazee wawili wa parokia. Nikauliza: "Na kilio?" Masere akasema: "Kilio tungekaa wapi? Hapa si kwa mutu." Yeye mwenye alikula ku vilio vya Bukavu yote, hakuliliwa hata nusu siku.

Baada ya pale sina mengi ya kusema, juu sikumbuke vizuri. Niliacha kumuchana mutoto nywele. Niliacha kuoga. Rozari yangu nikaitundika ku musumari wa ukuta, si kwa hasira, mikono tu ilikuwa imechoka. Mutu akiniita, nilikuwa nageuka nyuma nitafute anaita nani. Nyinyi munasema "Mungu alikuwa na wewe pale." Pengine. Mimi sikumuona, na sitasema uongo kanisani.

Njo siku moja ya Mungu, nje ya Depo, Riziki amekaa ku ngazi anakula bugali na mboga ya sombe ya Masere, shemeji akatokea. Amevaa viatu vya misa vya bwana yangu.

"Naona ameacha ziwa," akasema.

"Hajaacha!" Nikamukamata mutoto, nikamutolea ziwa pale pale, mbele ya wapita njia. Riziki akageuza uso. Nikamusukumia tena. Akanipiga na mukono mudogo, akarudi ku sahani yake.

Shemeji hakucheka hata. "Jumamosi, kisha salongo, ile kazi ya mutaa, nitakuja na bibi yangu."

Juma ile nilikubali. Mumesikia vizuri: nilikubali. Niliwaza: akienda, angalau atakuwa na dada yake, na mimi sitakuwa na kitu tena ya kunyang'anywa. Itakuwa kupumzika. Jumamosi asubuhi nikamuosha, Masere akanipa mafuta, nikamusuka. Nikamwambia: "Utaenda kwa papa mudogo." Akauliza kama kule iko sombe. Nikasema iko. Tukakaa ku ngazi, tunangoja. Watu wa mutaa walikuwa mu barabara na majembe, wanafanya salongo, wanasafisha mufereji.

Akafika mwanamuke na kitambaa nyeusi ku kichwa. Akamuuliza Masere: "Natafuta ule maman mwenye alilia." Wote wakanionyesha kidole. Walifikiri amekuja kunifunga, na mimi pia. Alikuwa mujane wa Bagira.

Akakaa ku ngazi, kando yangu, bila kupangusa.

"Zile siku zote sikulia," akasema. "Walikuwa wananiuliza funguo ya kabati iko wapi. Mutu mumoja tu alimulilia bwana yangu vizuri, na hakumujua."

Nikamuvuta Riziki ku mapaja.

"Ungenyamaza tu, wangekupa kitu, na mutoto angekula. Kwa nini ulisema?"

"Juu ni wangu."

Akatikisa kichwa. "Parsele ni ya mama yangu, hawawezi kunitoa. Walibeba kabati, walibeba vitanda, wameenda. Nyumba imebaki na sauti tu. Nyuma iko aneksi, nyumba kidogo, paa inavuja. Mimi naogopa kukaa peke yangu. Utakuja?"

Kabla nimujibu, shemeji akafika na bibi yake. Akanyoosha mukono kushika Riziki. Mujane akasimama katikati yao.

"Huyu mutoto analala kwangu, Bagira. Unamupeleka wapi?"

"Wewe ni nani? Ni wa ukoo wetu!"

Masere naye akashuka ngazi. "Vizuri, papa. Twende wote ku shefu wa karte, mukubwa wa mutaa, sasa hivi. Ukifika, eleza kwanza vile mulitoa mabati juu ya kichwa ya mujane akiwa anapika." Alisema kwa sauti ya darasa. Watu wa salongo wakaacha kuchimba, wakasimama na majembe, wanasikiliza. Mutu mwenye aibu yake iko hadharani hapendi macho mingi. Shemeji akasema atarudi. Jioni ile mimi na Riziki tulilala Bagira, mu aneksi. Shemeji alirudi, mara nyingine tena na tena. Kila mara alikuta mutoto iko ku masomo.

Musinipigie makofi, ngojeni. Kati ya watoto watatu nimebaki na mumoja. Kijana wangu sasa ni msaidizi wa kamio, kama baba yake alianza. Tulikutana ku soko ya Kadutu, akanisalimia kwa mikono miwili, akainama, vile mutu anasalimia mama wa jirani. Na mimi nikamujibu hivyo hivyo, sikujua nifanye nini ingine. Dada yake aliolewa mwaka juzi, niliisikia kisha. Basi musiseme nilishinda. Niseme tu iko mulango yenye nafunga mimi mwenyewe jioni, na ndani iko mutu mwenye ananiita mama.

Namushukuru Masere, hata kama alitukemea kama watoto. Namushukuru koko, na siku ingine tutamuombea misa, nimesha kumwambia padri. Na huyu maman wa mbele hapa, na kitambaa ya bluu, munamujua wote. Nilisema sitataja jina, sitaitaja. Maman, tumegombana juu ya sufuria, juu ya makala ya kupikia, juu ya paa ile inavuja mupaka leo. Aksanti. Sina neno ingine.

Kama ni somo munataka, ni hii. Ku kilio yako ukiona mutu haumujui, usianze na kuuliza ni wa upande gani. Mupe sahani kwanza, mungoje amalize. Maneno yake atakuambia mwenyewe, na pengine ni wewe utakuwa na haja ya kuisikia.

Na sasa ile yenye ilinifanya nikubali kusimama leo. Juma iliyopita Riziki alirudi toka ku masomo analia. Mu Bagira hii, mupaka leo, iko watu wanasema yeye ni mutoto wa kando wa marehemu wa maman huyu, kwamba sisi wawili tulipatana tufunike. Wengine munakaa hapa hapa. Sina hasira. Nataka tu muisikie mu kinywa yangu, na yeye aisikie mbele yenu.

Riziki, panda ku benchi wakuone. Usiangalie chini. Baba yake alikuwa shofere wa kamio. Mama yake ni mimi.